Jirani Aulizwe, Lakini Aulizwe Nini?

Tumeulizwa katika darsa suala ambalo kwa dhahiri yake ni la serikali na mahakama, lakini tukilichungua twaona kuwa ni suala la ujirani, na mambo ya ujirani hayamwachi Muislamu yeyote nje. Suala lenyewe ni hili: Mtu akishitakiwa, na kesi yake ikawa haijakatwa, na sharia ya nchi ikampa haki ya kungojea hukumu akiwa nje kwa dhamana, lakini yeye hana nyumba ya kukaa wala jamaa wa kumpokea, je, yafaa ifanywe nyumba katika mtaa wa watu, akae yeye na wenziwe chini ya uangalizi mpaka siku ya hukumu? Na ikiwa yafaa, wenyeji wa mtaa huo wana haki ya kuulizwa kabla? Na wakiulizwa wakasema hatutaki, neno lao ndilo la mwisho?

Jawabu yetu kwa mukhtasari ni hii. Kuulizwa ni haki yao, na mwenye kuwanyima haki hiyo amewadhulumu. Lakini haki ya kuulizwa haimpi jirani ufunguo wa kumfungia mtu rumande. Jirani aulizwe nyumba hiyo itakuwaje. Asiulizwe kama masikini aliyetuhumiwa anastahiki kuwa na jirani. Haya ndiyo tutakayoyaeleza, na twamwomba msomaji atupime kwa hoja zetu.

Tuanze na sharia ya nchi, kwani wengi huzungumza juu ya dhamana na hawajajua ni kitu gani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, imempa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, illa ikiwako sababu nzito ya kumzuia. Kifungu hichohicho kimekataza kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au ni kifungo kisichozidi miezi 6. Na kifungu cha 50 kimesema kuwa mshitakiwa ahisabiwe hana kosa mpaka kosa lithubutu juu yake. Kisha mwaka 2015 ukatolewa mwongozo wa mahakama juu ya mambo ya dhamana, ili mahakimu wasiende kila mmoja na njia yake.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa karatasini. Sasa tutazame mambo yanavyokwenda. Hakimu ataka kujua jambo moja kubwa: mtu huyu nikimwachilia, atarudi siku ya kesi? Kwa hiyo huuliza: Akaa wapi? Afanya kazi gani? Nani amjuaye? Mara nyingi afisa wa probesheni hutumwa mtaani kuyapeleleza hayo na kumrudishia hakimu khabari. Mwenye nyumba yake Ndia Kuu, na duka, na ami mwenye hati ya shamba, hujibu yote kwa pumzi moja, na jioni yuko kwake na watu wake. Lakini kijana alalaye barazani kwa watu, au apangaye chumba kwa siku Majengo, au aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya unga, yeye atajibu nini? Hana anwani wala mdhamini, na pesa za kuweka mahakamani hana. Basi hurudishwa rumande, na huko huenda akakaa miezi mingi, na mwisho wake huenda akaambiwa, huna kosa, nenda zako. Watu wawili hawa wameshitakiwa kosa moja mbele ya hakimu mmoja, na kilichowatenga ni nyumba. Mwenye nyumba amengojea haki kwake, na asiye nyumba ameadhibiwa kabla ya hukumu.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la nyumba ya dhamana, yaani mahali penye anwani, penye msimamizi, penye saa za kutoka na za kurudi, ambapo hakimu aweza kusema: mtu huyu atakaa hapa. Huku kwetu Mombasa, Shanzu kuna hosteli ya wavulana walio chini ya probesheni, na Likoni kuna nyumba ya kuwazuilia watoto ambao kesi zao zi mahakamani. Lakini mtu mzima angojaye hukumu, asiye na pa kukaa, nyumba hizo hazikufanywa kwa ajili yake. Na siku serikali itakapoazimia kumfanyia nyumba, itabidi iwe mahali fulani, mkabala na mlango wa mtu fulani. Basi ni bora tulifikiri jambo hili sasa, tungali watulivu, kuliko kungoja siku hiyo tukalifikiri kwa makelele.

Wako watakaosema: dhamana ni mambo ya Wazungu, sisi yatuhusu nini? Huu ni usahaulifu. Wanazuoni wetu wameandika juu ya dhamana karne nyingi kabla Mzungu hajatia nanga Mombasa. Katika vitabu vya fiq-hi, na vya madhehebu yetu ya Shafi vikiwemo, muna mlango wa dhamana, na ndani yake muna kafala ya mwili, nayo ni mtu kuchukua ahadi ya kumhudhurisha mwenziwe mbele ya mwenye kudai haki. Wamehitilafiana katika mipaka yake, lakini asili yake ni mashuhuri. Na katika kisa cha Nabii Yaakub (amani imshukie) Qurani imetueleza kuwa hakumtoa mwanawe mdogo kufuatana na nduguze mpaka walipompa ahadi ya Mwenyezi Mungu kuwa watamrudisha, na akawatolea udhuru wa kuzingirwa na lile wasiloliweza. Tazama basi adabu ya jambo hili tangu zamani: ahadi yatakiwa, na udhuru wazingatiwa.

Na katika Sura hiyohiyo muna khabari ya Nabii Yusuf (amani imshukie), aliyetiwa gerezani na ilhali waliomtia wamekwisha kuziona dalili za kuwa hana kosa, akakaa humo miaka. Na mfalme alipotuma aitwe atoke, hakukimbilia mlango. Alitaka kwanza ile khabari ya wanawake ipelelezwe. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyetuhumiwa ana jeraha mbili: moja ni ya mwili uliofungwa, na ya pili ni ya jina lililochafuka. Mlango wa gereza ukifunguliwa hupona ile ya kwanza tu. Ile ya pili yaponywa na watu, nao ni majirani. Twaomba jambo hili likumbukwe, kwani tutalirudia.

Sasa tuje katika mji wetu. Mombasa ni mji uliokaa na gereza mlangoni pake kwa miaka mingi. Ile Ngome iliyoanzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593 ilifanywa gereza mwaka 1895, na ikabaki gereza mpaka mwaka 1958, ndipo mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika urithi wa dunia. Kwa muda wa miaka 63 wafungwa walilala hatua chache kutoka katika nyumba za watu wa Mji wa Kale. Hata neno gereza lenyewe, wajuao asili ya maneno husema kuwa tumelipata kwa Wareno hao. Je, wenyeji wa mji waliulizwa mwaka 1895? Hawakuulizwa. Serikali ya wageni iliona jengo lenye kuta nene, ikatia watu ndani. Na zama hizo, kuuliza raia hakukuwa katika hisabu ya watawala.

Gereza likaondoka Ngomeni, na leo mfungwa na mahabusu wa Mombasa hupelekwa Shimo la Tewa, kule Shanzu, ng'ambo ya daraja la Nyali. Wengi wetu tulipumua. Watalii wakaja wenye picha zao, na nyumba za mkabala zikawa maduka ya vinyago. Lakini mama aliyeko Kibokoni, mwanawe akiwa rumande, leo huvuka daraja kwa nauli asiyokuwa nayo, akapanga foleni, akaonana na mwanawe kwa muda mdogo, akarudi magharibi. Wala jirani zake hawajui alikokwenda, kwa sababu gereza halionekani tena kutoka barazani. Hatusemi gereza lirudi Ngomeni. Twasema kuwa lile lisiloonekana na macho husahauliwa na nyoyo, na kuwapeleka watu mbali hakukuondoa shida yao, kumetuondolea sisi kuitazama.

Baada ya haya tuyatazame maneno ya pande mbili zinazoshindana katika suala hili, kwani kila upande una haki yake na una kosa lake.

Upande wa kwanza ni wa wale wasemao: wenyeji wasiulizwe kabisa. Hoja yao ni kuwa ukiwauliza watu, watakataa tu; na ukitangaza kuwa nyumba fulani itakaa washitakiwa, umekwisha kuwatia alama wale watakaoingia humo kabla hawajaingia. Basi heri ikodiwe nyumba kimya kimya, watu waingie, na mtaa utazoea. Hoja hii si ya upuuzi, na imekwisha kujaribiwa. Uingereza mwaka 2007 serikali iliipa kampuni ya binafsi kazi ya kupangisha nyumba za kawaida katika mitaa ya kawaida kwa watu walioachiliwa kwa dhamana. Yaliyofuata ni kuwa katika miji mingi majirani walikuja kupata khabari baada ya watu kuwa ndani, na wabunge wakasimama kulalamika kuwa hata wao hawakuambiwa. Siri haikuwalinda wale wapangaji. Kinyume chake, mtaa uliofichwa jambo hudhani kuwa lililofichwa ni baya zaidi kuliko lilivyo, na kila kitu kikiibwa, hata kama mwizi ametoka mtaa wa tatu, vidole huelekezwa nyumba ile.

Tena hapa Kenya mlango huo umefungwa na sharia. Katiba katika kifungu cha 10 imehisabu kushirikishwa kwa wananchi kuwa ni katika misingi ya utawala. Na hili si pambo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa katika ujenzi wa bandari ya Lamu wenyeji hawakushirikishwa inavyopasa, ikaamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Na sisi Waislamu tusingehitaji kufunzwa jambo hili na mahakama, kwani Qurani ina Sura nzima iitwayo Shura, na Mtume wetu (rehema na amani zimshukie), naye ateremshiwaye wahyi, aliamrishwa kushauriana na masahaba zake. Basi afisa wa serikali asiyeteremshiwa wahyi awezaje kujiona ametosheka na rai yake?

Upande wa pili ni wa wale wasemao: mtaa ni wetu, tukikataa imekwisha. Hawa ndio wengi, na kwa hiyo twapenda kusema nao kwa upole na kwa urefu.

Wengi wao hutoa mfano wa kijiji cha Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa. Pale kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi, ubavuni mwa nyumba za watu, na sumu ikawaingia wakubwa na watoto. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea katika mahakama za juu. Husema: tazameni, walinyamaza, na haya ndiyo yaliyowapata, basi sisi hatunyamazi. Twakubali kuwa mfano ni wa kweli na msiba ulikuwa mkubwa. Lakini twauliza: kilichopingwa pale ni nini? Ni moshi na risasi, vitu visivyokuwa na haki yoyote juu yetu. Moshi hauna mama Kibokoni, wala hausali, wala hautasimama Siku ya Kiyama ukasema, fulani alininyima pa kulala nami nilikuwa sina kosa. Mwanadamu atasema. Mwenye kumpinga jirani wa kibinadamu kwa maneno yaleyale anayopingia jalala la taka amekosea katika kulinganisha, hata akiwa na khofu ya kweli moyoni.

Na katika mfano huohuo liko funzo jengine lisilosemwa. Kile kiwanda hakikuwekwa katika mitaa ya matajiri. Kiliwekwa kwa watu wasiokuwa na wakili. Basi tukiifanya sauti kubwa ndiyo kanuni, yaani mtaa uwezao kukataa ukatae, itakuwaje? Watu wa nyumba kubwa watakataa, kwani wana mawakili na wanajuana na wakubwa. Mji wa Kale watakataa, kwani wana historia na makumbusho. Mwisho nyumba itapelekwa kwa wale ambao kukataa kwao hakusikilizwi, nao ndio wenye mizigo tayari. Hiyo haitakuwa shura. Ni nguvu zilizovaa kanzu ya shura. Mtume (rehema na amani zimshukie) amekataza mtu kudhuru na kulipizana madhara, na wanazuoni wakatoa humo kanuni kuwa madhara hayaondolewi kwa kumtwika mwengine madhara mfano wake.

Sasa tuutazame mwendo wa Mtume mwenyewe. Thumama bin Uthal, mkubwa wa kabila la Banu Hanifa wa Yamama, aliletwa Madina mateka, naye alikuwa adui aliyekhofiwa. Alizuiliwa wapi? Hakupelekwa nje ya mji kwenye jangwa. Alifungwa katika nguzo ya msikiti, mahali ambapo watu huingia na kutoka mara tano kwa siku, na Mtume akawa akimpitia na kumsemeza siku tatu, kisha akaamuru afunguliwe. Thumama akaenda akakoga, akarudi akasilimu kwa khiyari yake. Kilichomgeuza ni nini, ikiwa si kule kuwaona watu kwa karibu, na watu kumwona yeye? Na katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (Mwenyezi Mungu awe radhi naye), ilipotakiwa nyumba ya kuzuilia watu Makka, haikunyang'anywa. Nafi bin Abdil-Harith aliinunua kwa Safwan bin Umayya, na akashurutisha kuwa biashara itatimia Umar akiridhia. Yaani palikuwa na bei, na sharti, na ridhaa ya wenye jambo. Tukiziweka khabari mbili hizi pamoja twapata mizani yetu: mzuiliwa awe karibu na watu, na nyumba ipatikane kwa njia ya haki.

Basi turudi katika anwani ya makala yetu. Jirani aulizwe nini?

Kwanza, aulizwe idadi. Nyumba ya watu sita katika kichochoro ambacho wawili hawapishani ila kwa kugeuza mabega si sawa na nyumba ya watu thalathini. Mwenyeji ndiye ajuaye mtaa wake wachukua kiasi gani.

Pili, aulizwe ni nani wasifaa kuwekwa hapo. Mtu aliyeshitakiwa kwa kumdhuru mtoto asiwekwe ubavuni mwa chuo cha Qurani. Aliyeshitakiwa kumpiga mkewe asiwekwe katika mtaa akaao mke huyo. Mlalamishi naye ni mtu mwenye haki, na amani yake haiuzwi ili kununua dhamana ya mwengine. Mambo kama haya afisa aliyeko ofisini hayajui. Huyajua fundi cherehani aliye pembeni ya njia, na bibi auzaye mahamri.

Tatu, aulizwe juu ya usimamizi. Nani atalala humo usiku? Mlango utafungwa saa ngapi? Mtu akivunja sharti, ataarifiwa nani, na atafanya nini, na kwa muda gani? Na jirani akiwa na lalamiko, alipeleke kwa nani mwenye jina na uso? Nyumba isiyokuwa na jawabu za masuala haya, wenyeji wana haki ya kuisimamisha mpaka jawabu zipatikane, na sisi tutasimama pamoja nao.

Nne, aulizwe juu ya jengo lenyewe. Mji wa Kale una sharia zake za kuhifadhi majengo. Tena ziko nyumba za wakfu, na wakfu hufuatwa sharti la mwenye kuuweka. Nyumba iliyowekwa wakfu kwa ajili ya watu maalumu au kazi maalumu haigeuzwi kwa sababu serikali imeipenda. Hili nalo yapasa Kamisheni ya Wakfu iulizwe kabla, isiulizwe baada.

Tano, aulizwe muda, na ahadi ya kutazama upya. Mtaa uambiwe: tutajaribu kwa mwaka mmoja, kisha tutakaa tena tutazame yaliyotokea. Watu huikubali khatari ya kadiri ikiwa waona mlango wa kurejea.

Na kuulizwa huko kuwe kwa kweli. Tumezoea baraza zinazotangazwa asubuhi zikafanywa mchana, watu wa kazi wakiwa kazini, karatasi zikiwa za Kiingereza, wakahudhuria wazee wanane na kamera moja, kisha ikaandikwa kuwa umma umeshirikishwa. Hiyo ni dhihaka. Aulizwe mpangaji kama aulizwavyo mwenye nyumba. Waulizwe wanawake, ambao wakaa mtaani mchana kutwa kuliko waume zao. Aulizwe mwalimu wa madrasa, na mwenye duka, na vijana wa barazani. Na waulizwe wale ambao wana wao wako rumande hivi sasa, kwani nao ni wenyeji, na hakuna baraza tuliyoisikia iliyowataja kuwa wana rai.

Sasa twajua kuwa kuna mama asomaye maneno haya akiwa na mabinti wawili nyumbani, naye asema: haya yote ni mazuri, lakini mimi naogopa. Hatumwambii kuwa hana haki ya kuogopa. Khofu yake yastahiki kusikizwa mpaka mwisho, na kutafutiwa dawa. Akionyesha khatari iliyo dhahiri, na khatari hiyo ikawa haiponyeki kwa sharti wala kwa ulinzi, basi nyumba hiyo isogezwe, na iseme serikali kwa nini. Lakini khofu isiyokuwa na dalili haiwi hakimu. Tukiifanya khofu kuwa hakimu, hakuna masikini atakayetoka rumande, kwani hakuna mtaa usiokuwa na mtu aogopaye.

Na twamwomba mama huyo, na waume wa mtaa wake zaidi kuliko yeye, watazame jambo hili. Auzaye unga kichochoroni hakuomba ruhusa ya jirani. Hana msimamizi, wala saa ya kufunga, wala afisa wa kumpelekea khabari. Twampita kila siku tukienda sala ya alasiri, na twamjua kwa jina la babake, na hatujafanya baraza juu yake. Ajapo mtuhumiwa mwenye masharti shingoni, ambaye akichelewa saa moja hurudishwa rumande, ndipo twasema mtaa utaharibika! Mtaa ukiharibika huharibiwa na wale wasioulizwa na mtu yeyote, na kunyamaza kwetu mbele yao ni katika mambo tutakayoulizwa.

Wako pia wasemao kuwa bei ya nyumba zao itashuka. Hili ni dai la mali, na mali ya Muislamu ina heshima yake. Aliyepata hasara iliyothubutu alipwe, na serikali iweke jambo hilo katika hisabu zake tangu mwanzo. Lakini dai la mali hulipwa kwa mali. Halilipwi kwa miezi ya umri wa mtu aliyefungwa bila hukumu.

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi wenyewe wala si la serikali. Nyumba ya dhamana hutakiwa kwa sababu mtu amekosa mdhamini. Na mtu huyo mara nyingi si mgeni. Ni mtoto wa Kuze, au Bondeni, au Makadara, aliyesoma msahafu chuo kimoja na watoto wetu. Kesi ikikatwa, akiwa hana kosa au akimaliza kifungo chake, atarudi hapa hapa. Hiyo ndiyo hakika ambayo wenye kusema "hatutaki" hawaitaji: kwamba suala si kama mtu huyu atakaa nasi, kwani atakaa. Suala ni kama atarudi kutoka mahali alipokuwa akiangaliwa na kusemezwa, au atarudi kutoka Shimo la Tewa akiwa amejifunza kwa wazoefu yale asiyoyajua, na moyoni akikumbuka ni nani waliofunga milango.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa kamati za misikiti ya mji wetu. Kila msikiti huwa na watu watano wenye majina, wanaojulikana mahakamani na mtaani. Watu hao na wajiandikishe kuwa wadhamini wa vijana wa mtaa wao walioshitakiwa makosa yasiyo mazito. Afisa wa probesheni ajapo kupeleleza, awakute, wamwambie lililo kweli: huyu twamjua, atakaa kwa fulani, na siku ya kesi tutakuja naye, au waseme: huyu hatuwezi kumdhamini, na sababu ni hizi. Jambo hili halina gharama ya jengo wala halingoji bajeti ya serikali. Likifanywa, wengi hawatahitaji nyumba ya dhamana, na wachache watakaobaki nyumba yao itakuwa ndogo, na mtaa utaikubali kwa wepesi zaidi kwa sababu umekwisha kuzoea kuwabeba watu wake.

Na lisipofanywa, basi tusijidai kuwa serikali haituulizi. Kila afisa ajapo mtaani akauliza, "Kijana huyu ana mtu?" sisi ndio tuulizwao, na mpaka leo jawabu yetu imekuwa kimya.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, atuonyeshe batili tuiepuke, awape subira walio rumande bila kosa, na atujaalie kuwa majirani wema. Naye ndiye Mjuzi zaidi.